Viti Sitini vya Mama Élise

Jumatatu saa moja asubuhi, Mama Élise alikuwa uani kwake Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, akipokea viti vya plastiki vilivyorudi kutoka kwenye kilio cha msiba. Vilikuwa sitini, vyote vyeupe. Mama Élise anakodisha viti kwa vilio na kwa harusi, na kati ya kilio na harusi ana sheria moja: kila kiti kinaoshwa kwa sabuni na maji ya chumvi, kisha kinageuzwa miguu juu kutwa nzima. Kiti cha kilio kisichooshwa kinaita wafu waje wakae. Watu wa Likasi wanalijua hilo kama wanavyojua kwamba umeme ukikatika unachomoa friji.

Bwana Évariste hakuwa mtu wa Likasi. Alikuwa katibu wa itifaki, alikuja kwa ndege kutoka mji mkuu, na soksi zake zilifanana na tai yake. Vita vya mashariki vilikuwa vimefunga mwaka mwingine. Nchi yetu na nchi jirani zilikuwa zimekwisha kuzungumzia amani katika hoteli nyingi kubwa, na kila hoteli upande mmoja uliikataa kwa sababu upande wa pili ulionekana umelala vizuri. Mwishowe mpatanishi akachagua Likasi, kwa vile hakuna upande uliokuwa na neno lolote juu ya Likasi.

"Mama, wajumbe wamefika," alisema Bwana Évariste. "Ukumbi hauna hata kiti kimoja. Navichukua hivi."

"Biti habiyasafishwa, tata. Binatoka ku kilio sasa hivi. Rudia kesho."

"Mbona ni visafi? Naona kwa macho yangu."

"Weye unaangalia buchafu. Minye haiko buchafu njo niko nasemea, ni kilio."

Bwana Évariste alitoa karatasi yenye mihuri mitatu. Mihuri mitatu ni mingi kwa ua wa nyumba. Bertin, mdogo wake Mama Élise, aliyevunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe miaka tisa na kutoka huko na kikohozi na mizaha, alivipakia kwenye mkokoteni.

Saa nne wajumbe waliingia ukumbini wakakuta viti vyote vimekaliwa. Walikaa askari sitini, mikono juu ya magoti, wamepangika vizuri kuliko wanafunzi siku ya mtihani. Wengine walivaa sare zetu, wengine za jirani, wamechanganyika bila mpango. Buti zao zilikuwa na tope jeusi la mashariki, na udongo wa Likasi ni mwekundu, kwa hiyo aliyefagia ukumbi alinung'unika kidogo. Hawakusema neno. Yeyote aliyefungua kinywa, walimgeuzia macho kama watu wanaotaka sana kujua itakuwaje.

Mwenye viti hakai mbali na viti vyake, hivyo Mama Élise alikuwa mlangoni. Kwenye mstari wa tatu alimwona Ghislain, mwanawe. Ghislain aliingia jeshini akapelekwa mashariki, na simu yake ilinyamaza miezi kumi na minne iliyopita. Chini ya mfuko wa kushoto wa shati lake palikuwa na tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Yaya, njo yeye?" Bertin alimuuliza dada yake.

"Njo yeye. Anakonda." Mama akapita kati ya viti, akamnyoosha kola.

Kilio bila mwili kinataka karatasi ya kuthibitisha kifo. Bila karatasi chefu wa mtaa, yaani kiongozi wake, haruhusu kufunga turubai barabarani, na padri hasomi jina kwenye misa ya marehemu. Mara sita Mama Élise alikwenda kuuliza jeshini, mara sita aliambiwa hakuna habari. Sasa habari ilikuwa imekaa mbele yake, na waliokuwa na kalamu walikuwa humo humo ndani.

Mazungumzo yalianza wajumbe wakiwa wamesimama. Swali la kwanza lilikuwa: hawa ni wa nani?

Mkuu wa ujumbe wa jirani, kanali mstaafu mwenye sauti ya upole, alisema nchi yake haina askari hata mmoja ng'ambo ya mpaka. "Sare hizo zinauzwa sokoni."

"Nasi hatujapoteza mtu," alijibu mkuu wa ujumbe wetu. "Tunao askari ambao hawajapiga simu."

"Excellence," Bertin akasema kutoka mlangoni, "réseau ya simu iko huko kwenye banatoka?"

Akaombwa akae kimya. Aliomba kiti.

Madirishani watu walijaa. Wanawake walikuja hata kutoka mtaa wa Shituru na picha za askari wao mikononi, wakilinganisha picha na nyuso, wakiazimana miwani.

Mama Élise akamfuata Bwana Évariste. "Tata, uniandikie tu kama Ghislain alikuwa hapa, na vile iko. Mistari mbili inatosha."

Bwana Évariste hakuwa mtu mbaya. Alimkagua Ghislain, akasoma kitambulisho, akalitazama na tundu. "Ataweza kusaini kwamba amekufa?"

Akamnyooshea kalamu. Ghislain aliiangalia kwa makini, mbele na nyuma, lakini hakuipokea.

"Unaona mwenyewe, mama."

Siku tatu wajumbe walisimama. Siku ya tatu kanali alishika kiuno, mkuu wetu alishika ukuta, na mpatanishi akaleta sentensi moja: *Pande zote mbili zinathibitisha kwamba viti vyote vya ukumbi vilikuwa wazi.* Walikubaliana kwa dakika kumi na moja. Walipeana mikono juu ya vichwa vya askari, wakapigiwa makofi. Katika miaka yote ya vita hilo ndilo jambo pekee ambalo nchi hizi mbili zilikubaliana juu yake. Mapigano yaliendelea saa kumi jioni, kama kawaida.

Mama Élise na Bertin waliosha viti kwenye bomba la nyuma. Wenye picha walipewa muda wa kuaga. Kila askari alisimama kupisha sabuni, akainamisha kichwa kwa heshima, na maji ya mwisho yakimwagwa alikuwa hayupo. Waliosha hamsini na tisa. Kile kimoja kilichobaki Bertin alikisukuma kwa mkokoteni hadi Kikula, pamoja na aliyekikalia.

"Weye Ghislain," alihema kwenye kilima, "kufwa hakukupunguza hata kilo moja?"

Jumapili, baada ya redio kusoma makubaliano, chefu wa mtaa, papa Fidèle, alifika uani. Alimkuta Ghislain kivulini, akamsalimu kwa jina, akamuuliza kama huko mashariki kuna baridi. Kisha akamgeukia Mama Élise.

"Mama, kwa ile kilio, haitawezekana. Redio inasema biti byote bilikuwa wazi, hakuna muntu alikufwa."

"Na huyu, papa?"

"Huyu ninamuona, mama. Minye siko kipofu." Akamshika Ghislain mkono wa pole, mrefu, wa mikono miwili, akajifuta tope jeusi kwenye suruali. "Uvumilie tu. Siku serikali itapata maiti ya kwanza, weye njo tutaita mbele ya bengine bote."

Akawaaga wote wawili, akaenda zake.