Siku Kombora Letu Lilipotoka

Sisi wake wa wanajeshi wa nyika ya Orenburg tulifundwa jambo moja kabla hata ya kujua kupika supu ya kabichi. Kombora letu likitoka shimoni, ujue la adui liko njiani. Una nusu saa. Shuka kwenye handaki la kuhifadhia viazi, funga mfuniko, na usimfungulie mtu, hata akilia vipi. Waume zetu walitufundisha hayo kwa kunong'ona, maana kazi yao yote ilikuwa siri.

Kwa hiyo wageni wa nchi za nje walipokuja kiangazi kile na masanduku yao, tulikisia wamekuja kusimamia kung'olewa kwa makombora yaliyozeeka. Mikataba ilikuwa imeshatiwa saini na magazeti yalikuwa yameshaandika. Nilimwuliza mume wangu Arkadi, akajibu, "Kazi tu." Tangu tuoane, jibu lake ni hilo hilo. Ningeuliza mto wa kulalia ningepata habari zaidi.

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya nyumba ya Zoya, tukipalilia viazi. Mumewe, Meja Gennadi, ni mkubwa wa Arkadi kazini. Sisi tunakaa ghorofani, hatuna handaki. Wao wanalo, limechimbwa chini ya banda la kuni. Zoya ndiye aliyenizalisha binti yangu Asya, gari la hospitali lilipokwama kwenye theluji. Asya humwita bibi.

"Rimma, unapalilia au unayabembeleza hayo majani?"

"Nayaonea huruma, bibi mkubwa. Yamefanana na mumeo, yapo tu, hayasemi."

"Afadhali wako anasema 'kazi tu'. Wangu hukohoa!"

Tulikuwa bado tunacheka ardhi ilipotikisika. Kule mbali nyikani kitu kirefu cheusi kilirushwa kutoka chini, kikasimama hewani bila moto, bila sauti, kana kwamba kinafikiri. Kisha moto ukawaka chini yake, na ngurumo ikatufikia kifuani.

"Mama yangu," Zoya alisema. Akatupa jembe, akakimbia.

Mimi nilikimbilia upande wa pili, chini ya mtufaha, alikokuwa amelala Asya. Nilimbeba hata hajaamka vizuri. Nilipofika bandani mfuniko ulikuwa umefungwa.

"Zoya! Fungua, ni sisi!"

Nikagonga kwa ngumi.

"Zoya, mchukue mtoto tu! Mimi nibaki huku, sina neno. Mtoto tu, Zoya!"

Nilimsikia akipumua chini ya mbao. Kisha nikasikia komeo likisogea, na Mungu anajua nilivyofurahi. Nikaweka vidole ukingoni nivute. Mfuniko haukuja. Lilikuwa komeo la pili, alikuwa analifunga.

Nikakwangua mbao mpaka kucha zikatoka damu. Halafu nikamlalia Asya pale pale juu ya mfuniko, nikasubiri mwanga mweupe wa bomu tuliosimuliwa.

"Mama, unanibana," Asya alilalamika.

"Vumilia, mwanangu. Fumba macho."

Hakikuja kitu. Ng'ombe wa jirani alilia. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu muda niliposikia honi, na wanaume wakiimba. Gennadi na Arkadi walishuka garini na chupa za shampeni.

"Limefika!" Arkadi alipiga kelele. "Limefika juu salama!"

"Nini?"

"Setilaiti, mke wangu! Tumetoa kichwa cha nyuklia, tumeweka kidude cha wageni cha kupiga picha mawingu. Lile zee letu limebeba kama mzigo wa sokoni!" Ndipo akaona vidole vyangu. "Umefanyaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa siri."

"Kupiga picha mawingu, siri?"

Akakuna kichwa. "Hakuna aliyetuambia kwamba si siri."

Nilimzaba kofi mbele ya mkubwa wake. Sijutii.

Gennadi aligonga mfuniko akimwita mkewe huku akicheka mpaka machozi. Zoya alipanda juu, uso umejaa vumbi. Alielezwa. Hakucheka, hakulia. Alienda kunawa, akarudi, akapanga matango na mkate mezani, maana wanaume walikuwa na njaa.

Mimi na Zoya tuliketi tukitazamana, Asya mapajani mwangu. Gennadi alimimina, akainua bilauri kwa ajili ya amani. Hatukuinua zetu.

"Nilikusikia," Zoya alisema kwa sauti ya chini. "Kila neno nililisikia."

"Najua."

"Sasa niambie, Rimma. Ungekuwa wewe uko chini na Asya, na mimi niko juu nagonga. Ungenifungulia?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nilitaka kweli kusema ndiyo, nimwumize nayo maisha yake yote. Nikamtazama mtoto akila mkate.

"Hapana," nikasema.

"Anakataa shampeni!" Gennadi alicheka, akaimimina bilauri yangu kwenye yake.