Hapa Kwetu Wanawake Hawanywi

Kiptanui alikuwa mtu wa majibu. Muulize habari ya barabara, anayo. Muulize ng'ombe wa jirani atazaa lini, atakujibu kabla jirani mwenyewe hajafungua mdomo. Ndiyo maana kule kijijini kwao, upande wa Chepilat, walimfanya mzee wa mtaa, na ndiyo maana msichana mmoja aitwaye Christabel alipokuja kufanya utafiti wa pombe na dawa za kulevya, chifu alimwambia amtafute huyo kwanza.

Walianzia nyumbani kwake. Christabel aliketi kwenye kigoda, akatoa simu ya kazi, akaeleza kwa adabu kwamba wanataka kujua ni kina nani wanaotumia, na wanatumia nini, ili matibabu yapelekwe panapohitajika.

"Andika," Kiptanui akasema. "Chang'aa iko. Vijana wanaimaliza. Wazee wawili watatu pia, hao tunawajua. Bangi inatoka mbali, si kwetu."

"Na kina mama, mzee?"

Kiptanui alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Kina mama? Binti yangu, hapa kwetu wanawake hawanywi. Hawa ni watu wa kanisa. Kazi yao ni majani chai na maziwa, basi."

"Ningeomba nimuulize mama mwenyewe, tukiwa sisi wawili tu."

Rebeccah, mkewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, mkononi. Alipiga hatua moja nje. Kiptanui akampungia mkono: rudi tu, mama, usijisumbue, nimeshajibu. Rebeccah akarudi jikoni.

Kijiji kizima walikizunguka hivyo hivyo. Kila boma Kiptanui mbele, anamwita mwenye nyumba, wanaume wawili wanajibu, kina mama wanaleta chai. Christabel alijaribu kuomba tena hapa na pale, mwishowe akachoka, akaandika alichoambiwa. Angefanya nini, maskini, na mzee wa mtaa ndiye aliyempeleka?

Mwaka ulipita. Asubuhi moja Kiptanui alikuwa anatafuta panga, akaingia kwenye nyumba ndogo ya mwanawe, Kipkirui, kijana aliyekuwa amemaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi. Nyuma ya gunia la mbolea akakuta chupa. Akaifungua. Harufu ya chang'aa ikampiga puani.

"Kipkirui! Hii ni nini?"

Kijana aliitazama chupa, akatazama upande wa jikoni, kisha akainamisha kichwa. "Ni yangu, Baba."

"Ati?"

"Ni yangu."

Kiptanui aliketi juu ya lile gunia bila kupenda. Mtoto huyu! Mtoto ambaye hata soda alikuwa anakunywa nusu! Alitaka kumpiga, mkono ukakataa. Alitaka kulia, akaona haya.

Basi akaanza kutafuta tiba. Na hapo, yule bwana wa majibu akagundua kwamba hajui lolote. Zahanati walimwambia wao wanatibu malaria. Mchungaji akawaombea, akasema amlete kijana kila ibada. Chifu akasema dawa ni kumlaza seli wikendi moja. Jamaa mmoja sokoni alimshauri amfunge kamba hadi kiu iishe. Na wakati wote huo Rebeccah alikuwa anakonda. Mikono ilimtetemeka akimimina chai, asubuhi alikuwa anatapika nyuma ya nyumba, na siku moja alitapika damu. Vidonda vya tumbo, Kiptanui aliwaambia majirani. Mama anakufa kwa uchungu wa mtoto.

"Unamuua mama yako," alimwambia Kipkirui. "Unaona lakini?"

"Naona, Baba," kijana akajibu, akaenda kuchuma majani chai.

Ndipo aliposikia kuna shirika limefungua kituo cha kutibu walevi, upande wa Kericho, na kwamba walikijenga kwa kufuata ule utafiti. Kiptanui alijisikia mkubwa kidogo hata katika shida zake. Si yeye ndiye aliyewajibu?

Mshauri wa kituo, bwana mmoja mpole aitwaye Ojwang, alimpokea Kipkirui, akazungumza naye kwa muda mrefu ndani, akampima damu na mkojo. Walipotoka uso wa mshauri ulikuwa umebadilika.

"Mzee, kijana wako hanywi."

"Ameacha juzi tu, daktari! Anawadanganya!"

"Hajaacha. Hajawahi kuanza. Nimemuuliza chang'aa ikoje mdomoni, ameniambia ni chungu kama kwinini. Anayeinywa angesema inachoma." Ojwang alimgeukia kijana. "Mwambie mwenyewe."

Kipkirui alikuwa anafikicha macho kwa ngumi kama mtoto. "Ni Mama."

"Mama nani?"

"Mama yetu, Baba. Ile chupa nilimnyang'anya nikaificha. Ulipoikuta sikuweza kumtaja. Nimekubali kuja huku nione kama wanapokea kina mama."

Kiptanui alimtazama mwanawe, akamtazama Ojwang, akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe na hakikuwa na furaha hata chembe. "Rebeccah? Rebeccah wangu ninayelala naye nyumba moja? Mimi si mjinga. Ningesikia harufu."

"Anaiweka kwenye kibuyu," Kipkirui akasema.

Hapo kicheko kikakatika. Vibuyu vya mursik ni vya mwanamke. Yeye ndiye huvisugua, huvitia mkaa, huvining'iniza, na mwanamume anayefunua vibuyu vya mkewe atachekwa hadi wajukuu zake wachekwe. Tangu aoe, Kiptanui hakuwa amegusa hata kimoja. Alikuwa anangoja kumiminiwa. Ule moshi wa mkaa na ule uchachu wa maziwa aliokuwa akiusikia kwa mkewe, alidhani ni harufu ya mke mwema.

"Haya," alisema. "Basi mchukueni yeye. Nitamleta kesho."

Ojwang alishusha pumzi. "Mzee, hapa ni wanaume peke yao. Vitanda vyote. Tulipokuwa tunapanga, tuliambiwa sehemu hizi wanawake hawanywi. Si wachache, mzee. Tuliambiwa hakuna hata mmoja."

"Nani aliwaambia?" Kipkirui akauliza kwa hasira.

Ojwang alisema hajui, ni watu wa huko vijijini. Kiptanui alikuwa anajua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake swali liliulizwa akiwa na jibu, na hakulitoa.

Mshauri alimweleza la kufanya. Asiende kumwaga pombe, wala asimfungie mama, kwa sababu mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unaweza kupata kifafa, hata kifo. Ampeleke hospitali kubwa kesho asubuhi, wamsimamie siku za kwanza, na ile damu aliyotapika ichunguzwe. Baada ya hapo atahitaji mahali pa kukaa apone. Kituoni palikuwa na nyumba nzima iliyofanywa stoo. Wakubwa wa shirika wangeifungua kama wangeonyeshwa kwamba kina mama wenye shida wapo.

Walifika nyumbani jua lingali juu. Rebeccah alikuwa jikoni. Kiptanui aliingia, jambo ambalo si kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwenye vibuyu. Rebeccah akapiga ukelele mdogo, "Woi, Baba Kipkirui, hicho acha!" Lakini alikuwa amekwisha kukifunua. Machozi yakamjaa, ya harufu au ya kitu kingine. Mkono ulikuwa unamwasha kukimwaga chote majivuni. Akakumbuka aliyoambiwa. Akakifunika taratibu, akakirudisha mahali pake.

"Tangu lini, mama?"

Rebeccah alikaa chini. Hakukana. "Tulikuwa tunatia kidogo kwenye chai ya asubuhi tukienda kuchuma. Baridi ile, na mgongo. Kidogo tu. Wengine waliweza, kidogo chao kikabaki kidogo. Mimi nilishindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe akainua uso, na alikuwa amekasirika. "Nikuambie wewe? Wewe unaulizwa habari zangu nikiwa nimesimama hapo mlangoni, unajibu! Siku ile yule msichana alipoomba kuniuliza, mimi nilitoka. Nilikuwa namwambia, Baba Kipkirui. Neno lilikuwa mdomoni. Ukanipungia mkono kama unafukuza ndama."

Kiptanui aliikumbuka ile hatua moja. Mungu wangu, aliiona kwa macho yake na kuirudisha.

"Umesema tulikuwa," akasema mwishowe. "Wewe na nani?"

Rebeccah alianza kutaja. Mama wa ng'ambo ya mto. Mke wa fundi. Yule anayeimbisha kwaya. Kwa kila jina Kiptanui aliuona mlango, na yeye amesimama mbele yake, na sauti yake yenyewe inamwambia mgeni kwamba hapa hakuna. Alitaka kumwambia anyamaze. Alimwacha amalize.

Namba ambayo Christabel alimwachia siku ile ya utafiti ilikuwa bado kwenye simu yake. Alitoka nje akapiga. Alimkumbusha yeye ni nani, akamwambia habari ile ya mwaka jana ilikuwa ya uongo, kwamba nyumba ya stoo kule kituoni inafaa kufunguliwa, na kwamba akija tena atembee bila yeye.

"Asante, mzee," Christabel akasema, akiwa ameshangaa. "Acha nianze hata sasa. Hapo kwako, mama anatumia kitu?"

Kiptanui alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa tayari, kama siku zote. Akaufunga mdomo, akarudi jikoni, akamnyooshea mkewe simu.

"Ni yule msichana," akasema. "Anakuuliza wewe."

Kisha akatoka, akavuta mlango nyuma yake.