Nyumba Iliyokataa Masizi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa Septemba 1976, saa nne asubuhi, kwenye barabara ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Wakubwa walikuwa wanapita. Wakubwa wakipita, wewe mdogo unasimama, na kama umempakia mkeo mgonjwa kwenye teksi, teksi nayo inasimama. Askari alinyoosha mkono, akasema ngojeni. Wakangoja. Pumu ya Teresa haikungoja. Magari meusi yalipokwisha kupita, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi, Masinde alikuwa ameshika mkono ambao haumshiki tena.

Hakuna mkubwa aliyemwambia pole. Hata kumpeleka Teresa kwao Bungoma akalale pamoja na watu wake haikuwezekana, maana mpakani siku hizo maiti ya Mkenya ilikuwa inaulizwa maswali mengi kuliko Mkenya mwenyewe. Alizikwa huku huku Kampala, kwenye udongo mwekundu, watu saba tu makaburini.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Masinde aliamua kuuza nyumba arudi kwao Kenya, kwa mwanawe Khisa. Ilikuwa nyumba ndogo chini ya kilima cha Naguru, vyumba viwili na sebule. Aliijenga mwenyewe, fundi wa plasta, tofali kwa tofali, kila Jumapili baada ya kanisa. Sasa hofu yake ilikuwa moja tu: ichukuliwe kabla haijauzwa. Nyumba zilikuwa zinachukuliwa. Mtu anakuja na bunduki, anasema toka, unatoka.

Alimwita Sulaimani, dalali wa Kinubi aliyemfahamu tangu ujana. Sulaimani akaizunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma.

"Masinde, wewe iko fundi kabisa. Lakini akili ya kuuza, hapana."

"Nimefanya nini tena?"

"Nyumba yako iko mzuri sana."

"Sasa nyumba si inatengenezwa ndiyo inunuliwe?"

"Hiyo ilikuwa zamani, ndugu yangu. Leo nyumba ikiwa mzuri, kuna mutu atapita, ataipenda. Na yeye hanunui. Sikia: ndani osha, paka, piga msasa. Nje, fanya ilie. Mutu akipita aseme, masikini, huyu alifiwa."

"Na mnunuzi atajuaje kuna uzuri ndani?"

"Kwa sikio! Unafikiri mimi nakula kwa kazi gani?"

Basi Masinde akaanza na ndani. Akapaka chokaa, akapiga randa milango iliyovimba kwa mvua, akasugua sakafu nyekundu mpaka dari likajiona humo. Mvua ilikuwa inanyesha polepole, ile mvua ya kutwa nzima inayoyafanya mabati yanong'one. Katikati ya minong'ono hiyo Teresa alikuwa anakuja. Hakuja kama mzimu. Alikuja kama mtu aliyetoka tu kuanua nguo. Chumba kilinukia sabuni, na sabuni haijaonekana dukani miezi mitatu.

"Baba Khisa," ilisema sauti yake, "pale juu ya dirisha umeruka."

Masinde akatazama. Kweli, aliruka. Akapanda kiti, akapaka, na aliposhuka harufu ya sabuni ilikuwa imekwenda zake.

Kazi ya nje ilimshinda moyo. Alikoroga masizi ya jikoni na udongo, akaupaka ukuta wa mbele kwa tambara. Mafuta ya kuchanganya yangesaidia masizi yashike, lakini mafuta yalikuwa kwa wakubwa. Akaegemeza mabati yenye kutu, akauvunja mfereji wa mvua kwa nyundo ile ile aliyoufungia. Majirani wakapita wakitikisa vichwa. Pole, Masinde. Pole sana. Akaona dawa inafanya kazi.

Ukabaki mlango. Teresa aliupaka bluu mwaka sabini na mbili, kwa mkopo wa rangi aliopewa na Mhindi wa duka la kona wiki ile Wahindi walipofukuzwa. Rangi ilikuwa mbichi bado alipocheka mpaka akashika ukuta asianguke. Vidole vyake vitano vikabaki pale, kando ya mlango, bluu. Masinde alichovya tambara kwenye masizi, akalipeleka mpaka karibu na vile vidole, mkono ukagoma. Akasimama hapo mvua inamwingia shingoni. Mwisho akatundika gunia lililochanika, likafunika mlango na vidole vyote pamoja.

Mnunuzi alikuja Alhamisi. Aliitwa Alal, mama wa Kiacholi, mjane pia, anashona sare za shule. Alisimama nje akacheka bila kujificha.

"Eh, dalali! Hii nyumba au kichuguu?"

"Ingia kwanza, mama. Utanitukana ukitoka."

Aliingia. Kicheko kikakatika. Akavua viatu mwenyewe, akakaa chini katikati ya sebule, akapitisha kiganja sakafuni kama mtu anayepapasa nguo ya hariri.

"Cherehani nitaweka dirishani hapo," akasema, kama anajiambia usingizini. Alipotoka upepo ukalinyanyua gunia. "Mzee, huu mkono wa nani?"

"Wa mwenye nyumba."

Alal akakinyoosha kiganja chake, lakini hakugusa. "Basi usifute. Nitaishi nao."

Wakapeana mikono. Ataleta pesa Jumamosi asubuhi, naye Masinde atampa ufunguo na kupanda basi la Busia, mpakani. Usiku wa Ijumaa akalala usingizi mzito, wa kwanza tangu Septemba. Aliota Teresa yuko nje na ndoo, anauosha ukuta, anaimba wimbo wa kwao, maji yanatiririka, anasema, "Baba Khisa, umeniachia nyumba chafu hivi?"

Asubuhi akafungua mlango, ukungu umejaa uani. Mvua kubwa ya upepo ilikuwa imepiga usiku kucha. Gunia lilikuwa chini. Masizi yote yalikuwa miguuni pa ukuta, tope jeusi, na ukuta wenyewe ulikuwa unang'aa kama yai. Miaka ishirini alikuwa anazifundisha kuta kukataa uchafu, anazisugua kwa mwiko mpaka zinateleza. Ukuta wa kwake ndio alioufundisha kuliko zote.

Alichota tope kwa mikono miwili aurudishie ukuta. Alichelewa. Gari lilikuwa limesimama barabarani, akashuka kijana mwenye viatu vya kisigino kirefu na miwani ya jua ndani ya ukungu ule, vazi la makachero wa wakubwa. Nyuma yake, Alal alikuwa amefika na kikapu, akasimama papo hapo. Sulaimani aliyekuja naye aliinama, akaanza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Kijana akaupapasa ukuta. Akaupenda, ilionekana. Akaona vidole vya bluu, akaweka kiganja chake juu yavyo, akavipima, vidole vyake vikazidi.

Masinde alimtazama Alal. Alal alitazama kikapu chake. Tope lilimdondoka Masinde mikononi, na kutoka ndani, mlango ukiwa wazi, ilimjia ile harufu ya sabuni.

"Nyumba mzuri," akasema kijana, bado ameweka mkono pale. "Mzee, hii iko ya nani?"