Kumuaga Mke Mwenza

Mume wangu alikuwa na wake wawili, na mtaa mzima ulijua. Mimi nilikuwa wa nyumbani. Mwenzangu alikuwa wa jukwaani. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa kumi alasiri walioana, wakagombana, wakapatana, na saa kumi na mbili nikarudishiwa mume wangu akiwa na poda shingoni.

Watu wa kikundi chao cha maigizo waliniita mimi Bi Mkubwa na yeye wakamwita Bi Mdogo, ingawa amenizidi miaka sita. Nilicheka nao, lakini jino pembe si dawa ya pengo. Mwaka wa kwanza nilikwenda kuwatazama. Karibu na mwisho wa mchezo mke analia, mume anamkumbatia, anawapa watazamaji mgongo na kumnong'oneza sikioni mpaka anatulia. Niliona uso wa yule mwanamke ukilainika. Maneno gani yale? Mimi nikilia, mume wangu huniuliza kama nimekula. Sikwenda tena.

Lakini nguo zao nilishona mimi. Ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko ubavuni mwa nyumba. Bi Mdogo alikuja kupimwa, nami nikampima huku nimebana pini mdomoni. Mwenye pini mdomoni haulizwi mbona hazungumzi. Nikamjua kwa futi tu: mabega, kiuno, urefu wa mkono. Mwaka wa tano kiuno chake kilipungua inchi tatu kwa mpigo. Nilitamani kuuliza. Nikaziuma pini, nikaandika namba.

Basi, jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini, yeye ni fundi umeme, akakaa, akavua viatu, akaanza kukunja soksi zake chafu vizuri kama za dukani. Mtu huyu akikunja soksi ujue ana jambo.

"Bi Mdogo anahama," akasema.

"Anahamia wapi?"

"Kwa kaka yake, safari ya siku mbili. Wifi yake amefariki, ameacha watoto watatu. Wa mwisho hata miaka miwili hajafika."

"Maskini!"

"Tulitaka tumfanyie kasherehe ka kumuaga. Sasa ukumbi unapakwa rangi. Na kwa Mwongozaji pale, unajua, ana vyumba viwili na mbwa wanne."

"Utazunguka mbuyu mpaka lini? Sema."

"Tulifikiri hapa."

"Yaani mimi nimpikie mke mwenza karamu?"

"Kama hutaki, mama…"

"Nani kasema sitaki? Anayeondoka ndiye wa kupikiwa vizuri."

Nyuma ya pazia binti yetu akaangua kicheko. Ana miaka kumi na sita, na masikio yake hayana mlango.

Wageni walialikwa saa tisa, siku ya Jumapili. Saa sita, nikiwa na kitambaa kichwani na kisu mkononi, nikasikia hodi mlango wa jikoni. Bi Mdogo, na mfuko kwapani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa!"

Siku zote utani huo niliupita kimya. Siku hiyo nikasema, "Marahaba, mwanangu," na yeye akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mbona mapema? Mgeni wa heshima hana haraka."

"Nyumbani nimeshafunga kila kitu. Nimebaki natazama kuta. Nipe kitu nimenye."

Kwanza akatoa gauni la kijani mfukoni, limefuliwa na kupigwa pasi. "Hili ni la kikundi. Anayenirithi ana mwili, itabidi ulitanue." Akakaa kwenye kigoda, akavuta sinia la viazi. Tukamenya. Mdomoni sikuwa na pini wala udhuru.

"Mwaka ule," nikasema, "kiuno chako kilipungua inchi tatu. Ulikuwa na nini?"

Kisu chake kikasimama. "Uliona?"

"Mimi ni fundi."

Akamaliza kiazi kile, akakitia majini. "Nilikuwa na mimba ya miezi saba," akasema. "Nilikuwa naificha kwa yale magauni mapana, hata kwako sikuja kupimwa, nikisubiri nitangaze kwa furaha. Akazaliwa kimya. Mwezi uliofuata baba wa mtoto naye akaniacha. Sikumwambia mtu. Mumeo alichojua ni kwamba nikianza kulia jukwaani, siwezi tena kuacha."

"Ndiyo maana anakunong'oneza?"

"Ndiyo."

"Nini?" Swali la miaka tisa likanitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga.

"Mwanzoni alikuwa anahesabu. Moja mpaka kumi na mbili. Mwongozaji ndiye aliyeagiza, akifika kumi na mbili mimi nanyamaza."

"Anahesabu!"

"Kwa sauti ya mapenzi kabisa. Lakini mwaka ule hesabu haikunitosha. Ikabidi anipe habari."

"Habari gani?"

"Za hapa." Akaanza kuigiza sauti ya mume wangu, na hapo nikaona kwa nini watu walilipa kiingilio. "'Leo mama kagombana na cherehani, cherehani imeshinda.' 'Binti kawa wa tatu darasani, mama yake kalia, kasingizia vitunguu.' Siku moja akaniambia, 'Mama kanishonea suruali mguu mmoja mfupi, sina ujasiri wa kumwambia, angalia chini.' Nikaangalia. Ilikuwa kweli! Nikacheka kifuani kwake, watazamaji wakadhani ndiyo nazidi kulia."

Sikujua nikasirike kwa lipi: suruali, au mambo ya nyumba yangu kutembezwa jukwaani.

"Kwa hiyo yangu yote unayajua."

"Yalinirudisha kwenye watu," akasema. "Nikifika chumbani kwangu, badala ya kuwaza yangu, nawaza Bi Mkubwa kesho atagombana na nani." Akaokota kiazi kingine. "Na zile nguo nilizokuwa naleta kupunguza pindo, hazikuwa na shida. Nilijua hunipendi. Lakini mikono yako ilikuwa na upole."

Nilimkumbuka amesimama mbele ya kioo changu, mikono wazi, akingoja nimzungushie futi. Nami nikibana pini.

"Nilikuwa mjinga," nikasema.

"Ulikuwa mke," akanijibu. "Leta vitunguu."

Saa tisa nyumba ilijaa. Walikula, wakaimba, na Mwongozaji akatoa hotuba iliyoanza na habari za mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Kisha wakadai mara moja ya mwisho, ile sehemu ya kupatana. Mume wangu akanitazama.

"Cheza," nikamwambia. "Ila leo useme kwa sauti, tusikie wote."

Wakasimama katikati ya sebule. Bi Mdogo akalia kilio chake, mume wangu akamkumbatia, akafungua mdomo. Mtu ambaye hajawahi kusahau mstari hata akiwa na homa, alisimama pale kama aliyemeza ulimi.

"Sina habari," akasema mwishowe, si kwa sauti ya jukwaani. "Jumamosi ijayo nitamwambia nani?"

Machozi yakamtiririka. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kuyaona. Bi Mdogo ndiye aliyempapasa mgongo, huku akinitazama juu ya bega lake, kama anayeniomba ruhusa. Nikaweka sinia chini, nikaenda, nikawakumbatia wote wawili, na moshi wa jikoni nguoni mwangu.

Kesho yake asubuhi tulimsindikiza stendi. Kabla hajapanda basi nikampa futi yangu ya zamani. Nikamwambia awapime wale watoto, anitumie namba, nguo za kwanza ni juu yangu. Namba alizotuma zilikuwa kituko. Kwa vipimo vile yule mdogo alikuwa na shingo pana kuliko kiuno. Nikampigia kumfundisha. Tangu hapo kila Jumapili tunaongea, na mume wangu hukaa pembeni akisubiri zamu yake, na mara nyingi salio huisha kabla haijafika.

Jumapili iliyopita sauti ya Bi Mdogo ilikuwa ya chini.

"Yule mdogo kaanza kuniita mama," akasema. "Sijaitika. Naogopa kama namwibia marehemu."

"Anaita akiwa na nini?"

"Akiwa na usingizi. Akianguka. Akitaka maji."

"Basi itika," nikamwambia.

Mume wangu alikuwa ameshanyoosha mkono akidai simu. Nikamwambia asubiri.