Matairi Membamba

Fundi Barafu aling'oa kiti cha nyuma cha gari lake siku ya Jumatatu. Kufika Jumatano alikuwa ameng'oa redio, jeki, tairi la akiba, mazulia ya chini na vioo vya pembeni vyote viwili, akabakiza kile cha ndani tu. Vitu hivyo alivirundika nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza friji, na gari likabaki jepesi kama kopo.

"Ukimaliza hapo ung'oe na dereva," alisema fundi viatu, jirani yake wa kibanda. "Ndiye mzito kuliko vyote."

"Dereva namhitaji mpaka Jumapili."

"Basi mnyoe nywele. Nazo zina uzito."

Barafu hakucheka. Alikuwa amelala chali chini ya gari, anafunga bati bapa tumboni mwa gari ili upepo upite bila kukwama.

Mafuta yalikuwa yanagawiwa. Kila gari lilipata lita kumi kwa wiki, tena kwa siku yake kufuatana na namba yake. Siku ya Barafu ilikuwa Jumatatu, kituo chochote. Na Barafu alikuwa na binti wa miaka minane aliyeishi na mama yake mji wa pili, kilomita arobaini. Walipoachana, yeye na mama mtoto walikaa mbele ya afisa wa ustawi wa jamii wakaweka saini karatasi: kila wiki mbili baba atamchukua mtoto Jumamosi asubuhi na kumrudisha Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akichelewa mara tatu, mtoto hatoki tena. Baba atakwenda kumwona kule kule sebuleni kwa mume mpya, mama akiwepo.

Mara mbili alikuwa ameshachelewa. Zote mbili alimrudisha kwa basi, na mabasi siku hizo yaliondoka yakipenda. Ndiyo maana aliapa safari hii atatumia gari lake, potelea mbali.

Hesabu ilikuwa fupi. Kwenda kumchukua, arobaini. Kurudi naye nyumbani, arobaini. Kumrudisha kwao, arobaini. Jumla mia na ishirini. Hapo angelala ndani ya gari kwenye foleni ya kituo cha kule, na Jumatatu asubuhi angejaziwa lita zake kumi za wiki mpya, arudi kazini. Shida ilikuwa moja: gari lake kuukuu lilikwenda kilomita kumi kwa lita moja. Lita kumi, kilomita mia. Zilipungua ishirini.

Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo alipima kwa njia yake. Alijaza chupa ya lita moja mafuta ya kukopa kwa wateja, asiguse mgao wake, akaining'iniza ndani ya boneti, akaichomekea mpira hadi kwenye kabureta, akaendesha kwenye barabara ya tambarare mpaka gari likazimika lenyewe. Kisha akasoma saa ya kilomita. Baada ya kung'oa vyote vile, kufunga bati, kuziba nusu ya wavu wa mbele kwa kadibodi na kufunika ringi kwa mabeseni ya plastiki, ilisoma kumi na moja. Akapima tena. Kumi na moja. Jasho la wiki nzima lilikuwa limemletea kilomita moja.

Usiku ule hakula. Kesho yake alikwenda kwa muuza vyuma chakavu akarudi na matairi manne membamba pamoja na ringi zake, yametolewa kwenye kigari kidogo kuliko lake. Yalikuwa mepesi, aliweza kubeba mawili kwa mkono mmoja. Aliyafunga, akayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe, akatoka na chupa yake.

Saa ilisoma kumi na mbili na pointi nne.

Alirudi kibandani akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameutoa dirishani kama bwana harusi. "Mia na ishirini na nne," alimwambia fundi viatu. "Zinabaki nne za kuchezea."

"Gari limekuwa fupi," alisema fundi viatu, amefumba jicho moja. "Linatembea kwa magoti."

"Likitembea kwa magoti au kwa makalio, litafika."

Jumamosi lilifika. Binti alitoka mlangoni na begi lake, akalizunguka gari mara moja, akauliza kama linaumwa. Baba akacheka mpaka akakohoa. Walirudi polepole, kila mteremko baba akizima injini, gari likiteleza kimya kimya, na mtoto akimwomba azime tena hata pasipokuwa na mteremko. Walipoingia mtaani mtoto aliinama akasoma namba, maana siku hizo alikuwa anasoma kila namba aionayo.

"Baba, kwetu mpaka hapa ni arobaini na tano."

"Ni arobaini, mama. Hujui pointi zinakaa wapi."

"Nimetoa vizuri."

"Utanifundisha barabara yangu mwenyewe?"

Wakaingia ndani. Kesho yake walishinda pamoja, wakakaanga mayai, wakafungua friji ya mteja ili mtoto aone baridi inatengenezwaje. Barafu angeweza kuondoka saa tisa. Aliondoka saa kumi na nusu, kwa sababu dakika zile zilikuwa zake kihalali na hakuona sababu ya kumpa mtu mwingine.

Saa kumi na moja na robo gari lilikohoa mara mbili, likatikisika, likanyamaza. Hapakuwa na mteremko.

"Umezima?" aliuliza mtoto.

"Limejizima."

Alifungua kabureta. Kavu. Alitikisa gari kwa nguvu zake zote, akasikiliza tangi. Halikulia chochote. Jiwe la kando ya barabara lilionyesha kilomita kumi kufika. Hata angembeba mtoto mgongoni akakimbia, asingefika kabla ya saa kumi na mbili. Barabara ilikuwa tupu. Jumapili ya mgao hakuna aliyetembea bure.

Lori la saruji lilikuja likitokea kule walikokuwa wanakwenda. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu, akasimama.

"Natumia dizeli, mwanangu, haitakufaa. Na mzigo huu unasubiriwa, siwezi kugeuza." Alishuka hata hivyo, akatazama. Alipiga tairi teke dogo. "Haya si ya gari hili."

"Ni mepesi. Yameniongezea kilomita moja na pointi nne kwa kila lita."

"Nani kakwambia?"

"Saa ya gari."

Mzee aliinama akapima tairi kwa kiganja. "Saa ya gari inahesabu mizunguko ya tairi, haioni barabara. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile. Hukuongeza kilomita, umeongeza namba."

Barafu alikumbuka ile arobaini na tano ya mtoto. Lori likaondoka.

Akampigia mama mtoto.

"Uko wapi?"

"Kilomita kumi. Mafuta yameisha. Nilipiga hesabu, nilipima kwa chupa..."

"Wewe kila siku una hesabu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilimuumiza. "Mume wangu katoka na pikipiki. Akirudi nitamtuma. Mtoto amekula?"

"Amekula. Sikiliza, mama mtoto, nipo naye barabarani kabisa, sikumficha..."

"Nimekusikia."

Walikaa. Mtoto alihesabu magari, akapata sifuri. Saa kumi na mbili ilipita, wala hakuna kilichobadilika barabarani. Saa kumi na mbili na robo pikipiki ikatokea, na mume mpya akavua helmeti, akamsalimia Barafu kwa adabu, akamvalisha mtoto helmeti ndogo aliyokuja nayo.

"Kaka, sema umempokea mtoto kabla ya saa kumi na mbili," alisema Barafu kwa sauti ya chini. "Neno moja tu."

Mwanamume yule alihangaika na kamba ya helmeti ya mtoto. "Nimetoka saa kumi na mbili, mama yake amesimama mlangoni na simu mkononi, kaka. Amesema kesho asubuhi anakwenda kwa afisa." Kisha, kama mtu anayelipa kosa lisilo lake, akachomoa mpira, akanyonya mafuta kutoka kwenye pikipiki yake, akamjazia Barafu chupa ya nusu lita.

Mtoto alimpungia baba yake mpaka kwenye kona.

Barafu alimimina mafuta na kuwasha gari. Lilikubali. Nusu lita, kilomita tano na nusu, za barabara kweli. Mbele zilikuwa kumi, nyuma thelathini. Aliweka mikono juu ya usukani akafikiria atakwenda kumwambia nini mama mtoto, hata kama angefika. Akazima injini, mafuta yasiishe bure.