Retha Anajua

Nilipokuwa mfamasia tu, nusu ya kazi yangu ilikuwa kupiga simu. Daktari amemwandikia mtoto dozi ya mtu mzima, unapiga. Cheti kimekuja na dawa mbili zisizopatana, unapiga. Unawekwa kwenye laini unasikilizishwa vinanda, mara daktari anakuja amenuna, "Haya, nini tena?" Unamweleza. Anasema, "Badilisha," anakata. Hakuna anayekushukuru, na mgonjwa hajui hata kwamba amenusurika. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa nikikiri.

Kisha nikautaka na upande wa pili. Chuo kilikuwa na mpango wake: miaka minne ya ufamasia, halafu miwili na ushee ya utabibu, ule wa kumpima mgonjwa na kumwandikia dawa chini ya saini ya daktari. Shahada mbili, mtu mmoja. Kwetu Pruitt, milimani Kentucky, daktari akikaa miaka mitatu tunamhesabu mwenyeji, kwa hiyo watu walifurahi kweli. Gazeti la kaunti lilitoa picha yangu nimevaa koti jeupe moja na kushika jingine. Kanisa letu la Kibaptisti lilipanga herufi kwenye ubao wake wa barabarani: HONGERA RETHA MARA MBILI. Ziliachwa pale miezi miwili.

Mzee Hobert Caudill hakushangilia. Yeye ndiye mwenye duka la dawa pekee mjini, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu vidonge tano tano nikiwa na miaka kumi na sita.

"Mshika mbili, moja humponyoka," aliniambia.

"Hainiponyoki, mzee. Nina mikono miwili."

"Hata mwizi anayo."

Lakini picha ya gazeti aliikata akaibandika pembeni ya kaunta, na mteja asipoiangalia alikuwa akimwelekeza kwa kalamu. Leseni ya ufamasia nilikuwa nimekwisha kuipata kabla ya kuanza utabibu. Basi Jumamosi nilisimama kaunta na Hobert, na Jumatatu hadi Ijumaa nilijifunza utabibu kwenye zahanati ya ng'ambo ya barabara, chini ya Dokta Mullins. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua arobaini.

Ijumaa moja ya Oktoba akaja Bi Opal Sizemore. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alipika chakula cha shule yetu ya msingi karibu maisha yake yote ya kazi, na alijua nani katoka kwao bila kula. Huyo alimtilia mkate wa pili bila kumtazama usoni. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Alikuja na dawa zake zote kwenye mfuko wa karatasi, kama wazee wetu wanavyofanya.

"Inaniunguza nikienda haja ndogo, mwanangu. Sikutaka kumwambia yule mwanamume."

"Dokta Mullins ni daktari, Bi Opal."

"Ana ndevu. Mwenye ndevu simwambii."

Nilitoa chupa zake moja moja nikazipanga mezani. Ya presha. Ya mapigo ya moyo. Ya kuzuia damu isigande. Hii ya mwisho niliishika mkononi nikaisoma. Lebo yake nilikuwa nimeibandika mwenyewe Jumamosi iliyotangulia. Nikazirudisha zote mfukoni, nikapima mkojo, nikaona maambukizi, nikaandika dawa ya salfa, kutwa mara mbili, siku saba.

Salfa na ile ya damu hazikai nyumba moja. Salfa huipa mwenzake nguvu mpaka damu inakuwa nyepesi kama maji, na mtu anavujia ndani. Ni somo la mwaka wa pili. Ungeniamsha usingizini ningekutajia, pamoja na nini cha kufanya: toa dawa nyingine, au punguza ile ya damu, upime siku ya tatu. Nilikuwa nimewapigia simu madaktari sita kwa jambo hilo hilo. Mmoja nilimsema vibaya nyuma ya mgongo wake, nikasema huyo shahada kaipata sokoni.

Nimejiuliza mara nyingi niliwaza nini dakika ile. Ukweli ni huu: niliwaza kwamba kama kuna kitu, duka watapiga. Sikuwaza kwa maneno. Nilikuwa nimeegemea kitu nyuma yangu, na kitu chenyewe kilikuwa mimi wa siku za nyuma. Dokta Mullins alitia saini akiwa amesimama mlangoni. Nilimwuliza kama angependa kuuangalia mfuko wa Bi Opal. "Nikukague wewe kwa dawa?" alisema. "Nitachekwa." Akaenda chumba cha pili.

Siku ya sita Bi Opal alianguka jikoni kwake. Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Walimrusha kwa helikopta hadi Lexington, na Jumamosi iliyofuata akafariki. Habari ilinifikia dukani. Nakumbuka nilikuwa nahesabu vidonge vya kisukari, nilikuwa nimefika sitini na tano, na niliendelea mpaka tisini. Kisha nikafunika chupa. Tangu saa ile nimekufa ganzi. Nasema nimekufa ganzi kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'oa jino: unagusa shavu, unajua ni shavu, lakini si lako.

Nilifanya yote yanayofanywa. Nilipika viazi vya jibini kwenye bakuli la kioo, nikabandika utepe chini yake nikaandika RETHA STIDHAM, maana kwenye nyumba ya msiba mabakuli huwa hamsini na kila moja lazima lirudi kwa mwenyewe. Nilikaa watu walipokuwa wakiuaga mwili. Twyla, bintiye Bi Opal, alinikumbatia, na nikahisi vifungo vya koti lake kifuani kwangu, basi. Watu waliniambia, "Ulimpenda, tunajua." Nikasema ndiyo. Nilikula maharage na mkate wa mahindi, nikaongeza.

Baada ya maziko Hobert aliniita nyuma ya duka, akageuza kompyuta nione. Mtambo ulikuwa umempa onyo siku ile, tena la rangi nyekundu, na haukubali kupita mpaka uandike sababu. Kwenye kisanduku cha sababu alikuwa ameandika maneno mawili: Retha anajua.

"Miaka arobaini na nane," alisema, "sijawahi kuruka onyo jekundu bila kupiga simu. Wangenipa cheti alichoandika Mullins mwenyewe ningepiga. Wangenipa cha malaika ningepiga."

"Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Nikupigie nikuambie nini? Ulichokisomea wewe?" Alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Niliona aibu, mwanangu. Nilidhani una sababu usiyotaka kumweleza mzee."

Mkaguzi wa bodi ya ufamasia alikuwa aje Jumanne ya wiki ya nne. Hobert alikuwa amekwisha kupanga. Atasema nilimpigia simu Ijumaa ile, nikamwagiza amwambie Bi Opal aache dawa ya damu na arudi kupimwa, na kwamba yeye alisahau. Yale maneno ya kwenye kisanduku yangekaa sawa na hadithi hiyo: Retha anajua, kwa sababu Retha kapiga. Leseni yake ingekwenda, lakini ana miaka sabini na minne na magoti mabovu. Mimi ningebaki na yangu, ya utabibu ningeipata, na Pruitt ingebaki na mtu.

"Mimi nimemaliza mlo," alisema. "Nasubiri tu kuondolewa sahani. Wewe useme tu ulipiga."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilimwuliza kama karatasi za lebo zimeagizwa. Akasema zimeagizwa. Najua mtu mwema angekataa pale pale. Mimi nilikuwa nikisubiri nihisi kitu kwanza ndipo niamue, na hakikuja kitu.

Jumatatu, siku moja kabla ya mkaguzi, zahanati ilikuwa imefungwa kwa sikukuu na nilikuwa dukani. Twyla akaingia na bakuli langu. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hobert alikuwa mwisho wa kaunta anapanga dawa za kikohozi. Alipomwona aliacha kupanga, akabaki na chupa mkononi.

"Nimerudisha mabakuli arobaini na moja," Twyla alisema. "Lako la mwisho. Sikujua nije vipi."

"Ungeliacha tu, dada."

"Mama angenifufukia." Alitoa ile karatasi akaikunjua juu ya kaunta. Ilikuwa ile tunayoiweka kwenye kila mfuko wa dawa, ya maandishi madogo ambayo hakuna anayeisoma. Bi Opal alikuwa ameisoma. Katikati alikuwa amepiga mstari kwa penseli, mstari ulionyooka wa mtu aliyetumia rula, chini ya sentensi inayosema usitumie dawa hii pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia wako.

"Aliniita akanisomea," Twyla alisema. "Nikamwambia, mama, tupige simu. Nilikuwa nimeshaishika simu mimi. Akasema, hebu mwache mtoto wa watu, ana wagonjwa. Anasema, hapa wameandika daktari au mfamasia, na yule ni vyote viwili, sasa nimwulize nani tena?" Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemkumbuka mamaye akitania. "Akaimeza na maziwa."

Nililivuta bakuli upande wangu.

"Nilikuwa silali, Retha. Kila nikifumba macho naiona ile simu mkononi mwangu. Kisha wiki iliyopita Mzee Hobert kaja nyumbani kaniambia ulimpigia. Kwamba uliliona tatizo, ukapiga, na yeye ndiye aliyesahau. Akalia mbele yangu, mwanamume mzima." Hakumtazama Hobert. "Nilimchukia, sikatai. Lakini usiku ule nililala. Nikasema, angalau kuna mmoja alipiga simu kwa ajili ya mama."

Hobert aliiweka ile chupa ya kikohozi kaunta, taratibu, isitoe sauti. Alikuwa ananitazama mimi, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo tu, kushoto kulia.

Nilitia kucha kwenye utepe wa chini ya bakuli. Maji ya moto yalikuwa yameulegeza pembeni lakini jina langu lilikuwa bado linasomeka. Nilifikiri jinsi ilivyo rahisi. Nilikuwa sihitaji hata kusema uongo. Ningenyamaza tu, na Twyla angekwenda nyumbani kulala.

"Kesho naongea na yule mkaguzi," Twyla alisema. "Sitaki kumlaani mtu asiyestahili. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulipiga?"

"Hapana."

"Hukupiga."

"Sikupiga. Hakuna aliyepiga, Twyla. Mzee kaniongopea mimi, si wewe. Yaani, kaongopa kwa ajili yangu." Ulimi wangu ulikuwa mzito. "Simu ilikuwa mfukoni mwangu."

"Retha," Hobert alisema.

Twyla aliishika karatasi ya mamaye kwa mikono miwili. Alikuwa na mikono ile ile ya Bi Opal, mipana, yenye vidole vifupi, iliyokuwa inatutilia mikate. Nilijua anatafuta swali ambalo jibu lake lingempa hata kidogo cha kushika.

"Lakini hukujua," alisema. "Ulikuwa unajifunza. Hayo ya dawa mbili, ulikuwa hujafika huko."

Angeniachia hapo hapo. Nilitazama pembeni ya kaunta, pale kwenye picha yangu ya gazeti na makoti mawili, na shavu langu likaanza kuuma, lile lisilokuwa langu, likauma mpaka jichoni.

"Nilijua," nikamwambia.

Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mkoba. Bakuli aliliacha. Mlango ulipojifunga Hobert aliketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri dawa, nami nikabaki nimesimama upande wa pili wa kaunta, nalia mbele yake kwa sauti.