Mtoto wa Ihirwe Ana Majina Mengi

Wewe umewahi kusukwa rasta na mtu ambaye vidole vyake viko kichwani mwako, lakini akili yake iko kwa mtoto wa kwenye hadithi? Jumamosi ile, pale saluni Kabuga, ndivyo Générose alivyokuwa akimsuka Swafiya, muuza vitenge, mafungu membamba kuanzia kisogoni, kopo la mafuta likiwa juu ya stuli.

Générose alilelewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili alikinyonya huko. Mteja akichelewa, alikaa kwenye kiti chake akaandika kwa simu hadithi ya Ihirwe, mfanyakazi wa ndani kwa matajiri wa Nyarutarama aliyefukuzwa kwa kuwa na mimba. Kila Jumamosi aliwatumia sehemu mpya waliolipia. Pesa hizo ndizo zilizokuwa zake peke yake. Za kusuka aligawana na madamu Winifred, mwenye saluni, na rasta zilikuwa zimepanda bei tena.

Ila chai haikuwahi kupoa kabla sehemu mpya haijaonekana kwenye kikundi cha simu kiitwacho Hadithi za Bure, jina la Générose limekatwa. Mwenye kikundi alijificha nyuma ya picha ya ua. Wasomaji wakaanza kuondoka. "Mbona ninunue maji ya mvua?" mmoja alimwandikia. Kwa hasira Générose alifunga kila kitu, hata sehemu za mwanzo alizokuwa akizigawa. Mwizi hakupungukiwa. Waliokosa mlango ni wasomaji wapya.

Ndipo jirani alipomwalika kumpa mtoto wake mchanga jina, kwa desturi ya huko. Watoto wa mtaa walishika vijembe, wakalimalima uani, wakalishwa, kisha kila mmoja akataja jina alilompa mtoto. Wakubwa wakafuata. Générose alirudi nyumbani akicheka njiani peke yake.

Alizifungua tena sehemu za mwanzo, watu wazisambaze wapendavyo. Kisha akawaandikia waliolipia: "Ihirwe kajifungua msichana. Nileteeni jina, kila mtu lake. Nakala yako itatoka na jina ulilolitoa wewe." Kubadilisha majina, nakala baada ya nakala, kulimuumiza vidole kuliko kusuka. Asubuhi ya Jumamosi ile ya kumsuka Swafiya, alikuwa amezituma zote.

"Wangu anaitwa Munezero," Swafiya alisema, simu mkononi. "Sikiliza: 'Munezero akalia, na mama yake akalia.' Hata mimi nimelia, sha!"

"Usitingishe kichwa," Générose alimwambia.

"Wangu Keza!" Alida, msusi mwenzake, alipaza sauti kutoka kwenye beseni. "Ngoja, dada yangu kanitumia ile ya bure. Huku iko... 'Nyirakamana akalia.' Yebabawe! Nani anampa mtoto wa leo jina la bibi kizee?"

Saluni nzima ikacheka. Vidole vya Générose vikasimama. Jina hilo alilijua limetoka kwa nani kati ya waliolipia.

"Hilo ni jina la marehemu mama yangu!" Winifred alifoka kutoka kwenye meza ya pesa. "Mnacheka nini?"

Kicheko kikakatika. Winifred mwenyewe akafunika mdomo, lakini neno lilishatoka.

"Kumbe ni wewe, madamu," Générose alisema taratibu.

"Nilikuwa nakusaidia. Watu wakujue."

"Watanijuaje, na jina langu umelikata?"

"Umeandikia wapi? Kwenye kiti changu. Simu unachaji kwa umeme wangu. Kinachotoka humu ni cha saluni."

"Na kichwa changu je?" Swafiya alidakia. "Nikitoka nacho utanidai?"

Alida alicheka hadi akamwagia mteja maji sikioni.

Générose hakucheka. Kiti kile kingepata msusi mwingine kabla ya jua kuzama, na Winifred alishakunja uso wa kumfukuza mtu. Swafiya akauona uso huo. Akainuka, nusu ya kichwa rasta, nusu nywele zimesimama wima.

"Akitoka huyu, mama, natoka hivi hivi. Nitapita sokoni kote wanione."

"Na mimi," alisema mteja wa kwenye beseni, povu likimchuruzika.

"Halafu huku kwenye kikundi kumewaka moto," Alida alisema, macho kwenye simu. "Huyu anauliza, mbona kwa shemeji yake mtoto anaitwa Kaliza? Wengine wanataka kujua anayegawa majina ni nani, wamlipe na wao watoe lao."

Winifred alitazama simu yake iliyokuwa ikilia mfululizo, akaitazama foleni ya wateja benchini. Sauti ikashuka.

"Sasa, Générose, unataka nini?"

Générose alijifuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja, kwa kitambaa. Tangu alipofika saluni ile alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo.

"Toa hiyo ya leo. Weka zile za mwanzo tu, na juu yake uandike sasa hivi, nikiona: hadithi hii imeandikwa na Générose Ndayisaba, na anayetaka kumpa mtoto jina aende kwake."